Hadithi za watoto zaweza kujenga maelewano Arusha, lakini vitabu viko wapi?

Na Mwandishi Wetu, Arusha

SENSA ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 ilihesabu watu 617,631 katika Jiji la Arusha. Miaka kumi kabla ya hapo, sensa ya mwaka 2012 ilikuwa imehesabu watu 416,442. Katika muongo mmoja jiji hili lililo chini ya Mlima Meru limeongeza zaidi ya wakazi 200,000, na watoto wao wanakaa katika madarasa ya Sombetini, Muriet, Ngarenaro, Daraja Mbili, Moshono na kwingineko.

Katika darasa moja la shule ya msingi ya jiji hili unaweza kumkuta Mwarusha wa Sakina, Mmeru ambaye wazazi wake wameteremka kutoka Nkoaranga, Mmasai wa Monduli, Mchaga, Mpare, Mwiraqw wa Mbulu, Mrangi wa Kondoa na Mnyaturu wa Singida. Wapo pia watoto wenye asili ya Kisomali na ya Kihindi ambao babu zao walifungua maduka hapa tangu enzi za ukoloni.

Swali ambalo ni nadra kuulizwa ni hili: watoto hao wanajua nini kuhusu wenzao wanaokaa nao dawati moja?

Jibu la haraka ni kwamba wote wanazungumza Kiswahili, wote ni Watanzania, na hilo latosha. Ni jibu lenye ukweli mkubwa ambao nchi nyingi jirani zingetamani kuwa nao. Hata hivyo, si jibu kamili, na pengo lililobaki linaweza kuzibwa kwa kifaa ambacho shule zetu zimekipuuza kwa muda mrefu, nacho ni kitabu cha hadithi cha mtoto.

UMOJA ULIOJENGWA KWA JUHUDI

Ikumbukwe kuwa umoja wa madarasa yetu haukushuka kutoka mbinguni. Chini ya utawala wa Waingereza, shule za Tanganyika ziligawanywa kwa rangi: za Wazungu, za Waasia na za Waafrika. Hapa Arusha, shule iliyofunguliwa mwaka 1934 kwa ajili ya watoto wa walowezi na maofisa wa Kizungu haikuwa na nafasi kwa mtoto wa Kimeru aliyeishi kilomita chache tu kutoka kwenye uzio wake.

Mfumo huo ulifutwa kisheria kuanzia Januari 1, 1962, muda mfupi baada ya Uhuru. Mwaka 1967, mwaka uleule ambao Azimio la Arusha lilitangazwa, Kiswahili kikafanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi. Baadaye vijana wengi wa shule za sekondari walipelekwa kusoma mikoa ya mbali na kwao, mtu wa Kagera akajikuta Ilboru na mtu wa Arusha akajikuta Songea.

Matunda ya sera hizo tunayaona. Mtanzania hachagui daktari, fundi wala mchumba kwa kuuliza kwanza kabila, na anayefanya hivyo huona haya kulisema jambo hilo hadharani.

Lakini sera hizo zilikuwa na gharama yake. Ili tusigawanyike kwa makabila, tulichagua kutoyazungumzia darasani. Lugha za jamii zilibaki nyumbani, na pamoja nazo zikabaki hadithi, vitendawili, majina ya marika na sababu za mila. Mtoto alifundishwa kwamba makabila yapo na kwamba ukabila ni mbaya, lakini hakufundishwa makabila hayo ni ya watu gani, yanaishije na kwa nini.

Pale ambapo shule inanyamaza, mtaa unasema. Mtoto wa mjini huyapata maarifa yake kuhusu Wamasai kutokana na vichekesho vya redioni, na kutokana na mlinzi wa geti ambaye hakuna anayejua jina lake. Kuhusu Wachaga na Wapare huokota mizaha ya fedha na ubahili. Kuhusu Mwarusha husikia kwamba ni mkali. Naye mtoto wa Kimasai aliyetoka bomani hujifunza mapema kwamba matamshi yake ya Kiswahili yanachekesha, na huenda akaamua kunyamaza darasani hadi mwisho wa muhula.

Wapo watakaosema kuwa huo ni utani tu, na utani ni mila yetu. Ni kweli kwamba utani wa makabila umesaidia sana kuondoa uhasama wa zamani na kuugeuza kicheko. Lakini utani una kanuni zake: pande zote mbili zina haki ya kutaniana, na zote zinajuana. Mtoto wa miaka saba ambaye darasa zima linamcheka, naye hana lugha ya kujibu, hataniwi. Anadhalilishwa.

KIOO NA DIRISHA

Wazo la kutumia vitabu vya watoto kujenga maelewano baina ya watu si geni duniani. Baada ya Vita Kuu ya Pili, mwandishi wa Kiyahudi Jella Lepman alirejea Ujerumani, nchi iliyokuwa imemfukuza, na mwaka 1946 akaandaa maonyesho ya vitabu vya watoto kutoka mataifa mbalimbali. Hoja yake ilikuwa nyepesi: watoto waliolelewa katika chuki wapewe hadithi za watoto wa nchi nyingine. Kutokana na kazi hiyo ilianzishwa Maktaba ya Kimataifa ya Vijana mjini Munich mwaka 1949, na mwaka 1953 Bodi ya Kimataifa ya Vitabu kwa Vijana, maarufu kwa kifupi chake IBBY.

Mwaka 1990, mwanazuoni wa Marekani Rudine Sims Bishop aliandika kwamba kitabu cha mtoto chaweza kuwa kioo, ambamo mtoto hujiona mwenyewe, au dirisha, ambalo kwalo huona maisha ya wengine. Alionya kwamba mtoto asiyejiona kamwe katika vitabu hujifunza kuwa hana thamani, na yule anayejiona mwenyewe tu hujifunza kuwa yeye ndiye dunia nzima.

Tukiyaleta maneno hayo Arusha, tunakuta hali mbili zinazotia wasiwasi kwa namna tofauti. Katika shule nyingi binafsi zinazofundisha kwa Kiingereza, mtoto ana vitabu, tena vizuri, lakini vingi vinahusu theluji, treni za chini ya ardhi na sherehe ambazo hajawahi kuziona. Ana madirisha yanayotazama mbali, hana kioo, wala hana dirisha la kumtazama jirani yake. Katika shule nyingi za umma, mtoto ana kitabu cha kiada, pengine kwa kushirikiana na wenzake, na hana kitabu cha hadithi hata kimoja. Huyo hana kioo wala dirisha.

Kwa hiyo mpaka unaowatenganisha watoto wa jiji hili leo si wa kabila pekee. Ni wa aina ya shule pia. Mtoto anayepigwa marufuku kusema Kiswahili katika uwanja wa shule na mtoto ambaye hajawahi kushika kitabu cha hadithi wanakua katika mji mmoja, na kila mmoja ana picha ya mwenzake aliyoipata kwa uvumi.

HADITHI ZETU ZILISAFIRI KABLA YETU

Jambo la kusikitisha ni kwamba hadithi za eneo hili zimekuwa vitabuni kwa zaidi ya karne moja, ila si katika vitabu vya watoto wetu. Mwaka 1905, ofisa wa kikoloni A. C. Hollis alichapisha mjini Oxford kitabu kuhusu lugha na ngano za Wamasai, chenye hadithi kwa Kimaa na tafsiri yake kwa Kiingereza. Mwaka 1914, mmisionari Bruno Gutmann alichapisha mjini Leipzig mkusanyo wa ngano za Wachaga kwa Kijerumani. Mwanazuoni wa Ulaya aliweza kuzisoma hadithi za milima hii miwili kabla babu zetu hawajapata darasa la kusomea.

Hadithi hizo zina hazina kwa mwalimu anayetaka kuwafanya watoto waelewane. Chukua mfano wa zimwi, lile jitu linalokula watu, ambalo kila mtoto wa Kiswahili analifahamu. Wachaga wanaliita irimu, na sikio lolote linasikia kwamba majina hayo ni ndugu. Wamasai, ambao lugha yao ni ya asili tofauti kabisa, wana jitu lao waliitalo enenauner. Sungura mjanja naye anapatikana pwani, mlimani na mbugani, akiwalaghai wakubwa kuliko yeye.

Mwalimu akisimulia visa viwili au vitatu vya namna hiyo, kisha akauliza darasa nini kinafanana na nini kinatofautiana, watoto watagundua wenyewe mambo mawili: kwamba hofu na matumaini ya binadamu ni mamoja, na kwamba kila jamii huyavika nguo za mahali pake. Hakuna hotuba ya uraia inayoweza kuwafikisha hapo kwa haraka hivyo.

Historia ya mahali hapa nayo inasubiri waandishi wa watoto. Waarusha, ambao ni wasemaji wa Kimaa waliochagua jembe, walianza kufika kwenye miteremko ya Mlima Meru katika karne ya 19 na kuwakuta Wameru, ambao lugha yao inakaribiana na Kichaga. Walipigana, kisha wakaoana, wakabadilishana mbinu za kilimo, na Wameru wakaingia katika utaratibu wa marika wenye asili ya Kimasai. Historia hiyo yatosha kumwonyesha mtoto kwamba utamaduni hubadilika watu wanapoishi pamoja, na kwamba hakuna kabila lililoshuka likiwa limekamilika.

Ipo pia Kesi ya Ardhi ya Wameru. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili kuwapisha walowezi. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet akafika Umoja wa Mataifa mjini New York kuwatetea, miaka mitatu kabla Mwalimu Nyerere hajafika huko kudai uhuru.

Na huko Tengeru, wakati wa Vita Kuu ya Pili, palikuwa na kambi ya wakimbizi wa Kipolandi wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto waliokuwa wamepitia Siberia na Uajemi kabla ya kupokewa Afrika Mashariki. Walijenga shule na kanisa, na makaburi ya waliofia hapa yapo hadi leo. Mtoto wa Arusha aliyezoea kusikia kwamba mkimbizi ni Mwafrika na mhisani ni Mzungu angepata mshangao wenye manufaa akisoma hadithi ya mtoto wa Kipolandi aliyekula ndizi kwa mara ya kwanza chini ya Mlima Meru.

Tafsiri nazo ni njia ya zamani tuliyoiacha. Mwaka 1940 kitabu cha Lewis Carroll kilitolewa kwa Kiswahili kwa jina la Elisi katika Nchi ya Ajabu, na wachoraji wakamfanya Elisi mtoto wa Kiafrika. Mwaka 2015 kikatafsiriwa upya na Ida Hadjivayanis. Vizazi vya wasomaji wa Kiswahili vilikutana na Baghdad, Uingereza na visiwa vya hazina kwa lugha yao wenyewe. Leo mtoto wa shule ya umma ni vigumu kukipata kitabu cha Kiswahili kinachomweleza mtoto wa Ethiopia, wa Kongo, wala hata wa Mtwara.

HATARI YA KITABU KIBAYA

Ingekuwa kosa kudhani kwamba kila kitabu chenye picha ya kabila fulani kinajenga maelewano. Kitabu kibaya chaweza kuimarisha dharau kuliko mzaha wa mtaani, kwa kuwa mtoto hukiamini kilichochapishwa.

Wamasai ni mfano ulio karibu. Ni miongoni mwa watu wa Afrika Mashariki waliochorwa mara nyingi zaidi katika vitabu vya picha vya Ulaya na Marekani, aghalabu wakiwa na shuka nyekundu, mkuki na ng'ombe, machweo yakiwa nyuma yao. Vingi vya vitabu hivyo viliandikwa kwa nia njema, lakini msomaji aliyekusudiwa ni mtoto wa mbali. Humo hatumwoni Mmasai aliye mwalimu, muuguzi au mwanafunzi wa chuo, wala mama wa Kimasai anayeuza shanga sokoni huku akihesabu karo.

Mwandishi wa Nigeria, Chimamanda Ngozi Adichie, katika hotuba yake maarufu ya mwaka 2009, aliiita hali hiyo hatari ya kisa kimoja. Kisa kimoja si lazima kiwe cha uongo. Ubaya wake ni kwamba kinasimama peke yake.

Kwa sababu hiyo, mwalimu au mkaguzi anayechagua vitabu anapaswa kujiuliza maswali machache. Je, mhusika wa jamii hiyo ana jina, mawazo na makosa yake, au ni pambo la ukurasa? Je, mtoto wa jamii hiyo akikisoma mbele ya wenzake atainua kichwa au atainamisha? Je, kuna kitabu kingine kinachoonyesha upande mwingine wa maisha ya jamii hiyohiyo?

MJI ULIOSIKIA USHAHIDI

Kama kuna mji ambao hauna haja ya kuelezwa nguvu ya maneno juu ya jamii nyingine, ni Arusha. Kwa miaka ishirini hivi, hadi Desemba 2015, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda ilisikiliza hapa mashauri ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994. Desemba 3, 2003, katika kesi iliyojulikana kuwa ya vyombo vya habari, mahakama hiyo iliwatia hatiani watu watatu waliohusika na redio RTLM na gazeti la Kangura. Dunia ilisikia jinsi jirani alivyoitwa mende hadi kumuua kukaonekana si kuua mtu.

Hakuna anayesema kwamba Tanzania iko karibu na hali hiyo. Lakini funzo lililotoka katika kumbi zile ni kwamba chuki haianzi na panga. Huanza na jina la kejeli lisilokemewa, na picha ya jirani isiyo na uso.

Ni jambo la kukumbukwa kwamba mahakama hiyohiyo, mwaka 2011, ilitoa kitabu cha katuni kwa watoto ili kuwaeleza kilichotokea Rwanda. Nchini Rwanda kwenyewe, shirika la uchapishaji la Bakame lilianzishwa mwaka 1995, mwaka mmoja tu baada ya mauaji, kuchapisha vitabu vya watoto kwa Kinyarwanda. Watu waliokuwa wamepoteza karibu kila kitu waliona kwamba kitabu cha mtoto si anasa ya kusubiri nchi itajirike.

KIKWAZO NI SERA NA FEDHA

Tanzania haikukosa juhudi. Mwaka 1991 ulianzishwa Mradi wa Vitabu vya Watoto, ambao ulisaidia waandishi na wachoraji na kununua sehemu ya nakala za kila kitabu ili kuzigawa shuleni. Wachapishaji kama Mkuki na Nyota, chini ya Walter Bgoya, na E & D, chini ya mwandishi Elieshi Lema, walithubutu kuchapa hadithi za watoto kwa Kiswahili wakati soko lilikuwa dogo. Vipindi vya katuni vya Ubongo, vilivyoanza mwaka 2014, vimeonyesha kwamba watoto wa Kitanzania wana kiu ya kujiona.

Tatizo ni kwamba mnunuzi mkubwa wa vitabu nchini ni Serikali, na Serikali imekuwa ikinunua vitabu vya kiada. Mfumo wa wachapishaji wengi ulioanza miaka ya 1990 uliyumba kwa malalamiko ya makosa vitabuni, na mwaka 2013, baada ya hoja ya mbunge James Mbatia kutikisa Bunge, kamati iliyokuwa ikiidhinisha vitabu ilivunjwa. Uandishi wa vitabu vya kiada ukarejea mikononi mwa Taasisi ya Elimu Tanzania. Wachapishaji binafsi wakabakiwa na vitabu vya ziada, bidhaa ambayo shule nyingi hazina fungu la kuinunua.

Hesabu ni rahisi. Tangu elimu bila malipo ilipopanuliwa mwaka 2016, ruzuku ya uendeshaji kwa mwanafunzi wa shule ya msingi imehesabiwa kuwa Sh10,000 kwa mwaka, na sehemu yake hubaki serikalini kwa ajili ya vitabu. Kinachofika shuleni lazima kinunue chaki, karatasi za mitihani na kurekebisha mlango uliovunjika. Mwalimu mkuu anayefikiria hadithi ya irimu katika hali hiyo ataonekana hana kazi.

Hata hivyo, zipo dalili za mlango kufunguka. Mtaala mpya ulioanza kutumika Januari 2024 umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili, linalofundishwa kwa Kiswahili. Somo hilo likifundishwa kwa tarehe na makatazo litachosha. Likifundishwa kwa hadithi za watu wa Tanzania, laweza kuwa ndilo somo ambalo watoto wanalisubiri kwa hamu. Aidha, Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyoanzishwa mwaka 2022 kwa riwaya na ushairi, baadaye iliongeza hadithi za watoto.

NINI KIFANYIKE

Yapo mambo ambayo hayasubiri bajeti kubwa. La kwanza ni mwalimu kusoma kwa sauti. Darasa la watoto themanini haliwezi kupewa vitabu themanini, lakini nakala moja na mwalimu anayejua kusoma kwa hisia hulitosha. Dakika 15 za hadithi kila siku, zikifuatwa na maswali ya kweli kama vile “ungekuwa wewe ungefanyaje?”, si muda uliopotea. Mtoto aliyezoea kusikiliza na kufikiri huusoma mtihani kwa urahisi zaidi.

La pili ni kuwatuma watoto kwa bibi na babu zao. Kila mtoto alete hadithi moja ya kwao, aisimulie kwa Kiswahili, na maneno yasiyo na tafsiri ayaeleze kwa wenzake. Yule mtoto wa Kimasai aliyenyamaza kwa sababu ya matamshi yake atajikuta, kwa siku moja, ndiye mjuzi wa darasa. Hadithi hizo zikiandikwa na kuchorwa na watoto wenyewe, shule imepata kitabu chake cha kwanza.

La tatu ni intaneti. Mradi wa African Storybook, ulioanza Afrika Kusini mwaka 2014, una hadithi za watoto katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili na Kimaa zikiwemo, ambazo mwalimu anaruhusiwa kuzichapa bure.

La nne ni la halmashauri. Jiji la Arusha, Halmashauri ya Arusha na Halmashauri ya Meru zinapakana, na watoto wake wanakutana katika sekondari zilezile. Zingeweza kwa pamoja kuweka masanduku ya vitabu yanayozunguka shule hadi shule, kwa ushirikiano na maktaba ya mkoa. Wizara nayo haina budi kutenga asilimia fulani ya fedha za vitabu kwa ajili ya hadithi, kwa maandishi, ili isiachwe kwa hiari ya mwalimu mkuu aliyebanwa.

Hoja inayopingana na hayo yote inajulikana: tukianza kufundisha makabila tutafufua ukabila. Ni hofu ya kuheshimiwa, kwa maana waliojenga umoja huu waliona hatari ambazo sisi tumezisoma tu. Lakini Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 yenyewe ilihimiza lugha za jamii zitunzwe na kuandikiwa vitabu, na ilifanya hivyo bila kukiondoa Kiswahili katika nafasi yake. Kumjua jirani hakujawahi kuwa chanzo cha ugomvi. Kinachogombanisha ni kudhani unamjua.

Tena hali inazidi kudai maarifa hayo. Tangu mwaka 2022, katika mpango uliozua mjadala mkubwa, familia za wafugaji kutoka Ngorongoro zimehamia Msomera wilayani Handeni, na watoto wao wanasoma katika mkoa ambako Kimaa hakikuwa lugha ya wengi. Wengine wengi huhamia mijini kwa sababu ya ukame na ardhi. Kila mmoja wa watoto hao atakutana na darasa linalodhani linamfahamu.

Waasisi wa taifa hili walivunja kuta za shule zilizowatenga watoto kwa rangi, wakawaketisha pamoja na kuwapa lugha moja. Kazi hiyo waliimaliza. Kilichobaki kwa kizazi hiki ni kuwapa watoto hao kitu cha kuambiana, na gharama yake kwa shule moja ya Arusha haizidi sanduku la vitabu na robo saa ya mwalimu kila siku. Halmashauri zitakapokaa kupanga bajeti ya mwaka ujao, madiwani waulizwe fungu hilo liko ukurasa gani.